Kidonda Kidogo Sikioni: Nilichojifunza Siku Mume Wangu Alipotolewa Saratani ya Ngozi

Kuna mambo mawili ambayo wanandoa wengi hatuyazungumzi mpaka maji yatufike shingoni: pesa na magonjwa. Mimi na mwenzangu yalitufika yote kwa mpigo, kwa sababu ya kidonda kisichozidi punje ya harage.

Tunaishi Rwamishenye, hapa Bukoba. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi nakaa kaunta benki. Mume wangu ana ualbino, maana yake ngozi yake ina upungufu wa melanini, ile rangi inayotukinga sisi wengine na mionzi ya jua. Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 amezaliwa hivyo, na kiafya adui wao mkubwa ni saratani ya ngozi.

Utaniambia, "Jamani, Bukoba si mvua tupu?" Hicho ndicho kilichotudanganya. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mionzi inayoharibu ngozi hupenya mawingu. Siku za manyunyu mwenzangu alikuwa anasimamia paredi bila kupaka losheni, kichwani kapelo yake anayoipenda kama nini. Kapelo inakinga paji la uso, lakini masikio inayaacha nje.

Kosa letu

Kidonda kilianza juu ya sikio la kulia, kama gaga. Kinakauka, kinabanduka, kinaacha tone la damu kwenye foronya, halafu kinarudi. Mama mkwe akaja na majani ya mubirizi. "Mwanangu, mkande asubuhi na jioni, waitu." Nikamkanda, maana mama mkwe ni mama mkwe. Miezi mitatu ikapita.

Mwishowe tukaenda kwenye zahanati moja ya binafsi. Kidonda kikachomwa kwa umeme, dakika 20 tu, tukalipa, tukapewa dawa za kumeza, tukarudi nyumbani kwa raha zetu. Miezi minne baadaye kikarudi. Safari hii kilikuwa kigumu, kingo zimeinuka kama mdomo wa chungu.

Hapo ndipo tulipofunga safari ya Mwanza, kwenye kliniki ya binafsi yenye daktari wa ngozi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Majibu ya maabara ya kile kilichotolewa yako wapi?"

Tukatazamana. Hayakuwepo. Hakuna aliyetuambia kwamba nyama inayotolewa kwenye kidonda kama kile inatakiwa ipelekwe maabara. Bila hivyo hujui kama ilikuwa saratani, ni ya aina gani, wala kama imetoka yote. Tulikuwa tumelipia kuondoa kidonda, ugonjwa tukaurudisha nyumbani.

Siku ya kisu

Daktari alikata kwanza kipande kidogo ili kijulikane ni nini. Majibu yakaja: saratani ya seli bapa, ile wataalamu wanayoiita skwamasi, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu wenye ualbino Afrika. Ikiwahiwa, mara nyingi inapona kwa upasuaji peke yake. Ikiachwa, inachimba ndani na kusambaa kwenye tezi. Ndiyo maana daktari alimpapasa shingo kwa makini, pande zote mbili.

Tulirudi Mwanza kwa basi, tukapita daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Usiku ule gesti hatukulala. Katikati ya giza akaniuliza, "Nikirudi na nusu sikio, utatembea na mimi mjini?" Nilicheka, kisha nikalia. Nikamwambia, "Mimi ulinipata kwa maneno yako, na mdomo hawaugusi." Tukalala.

Asubuhi mambo yalikuwa madogo kuliko hofu yetu. Hakulazwa usingizi. Alichomwa sindano ya ganzi kuzunguka sikio, na alisema hiyo ndiyo iliyouma kuliko vyote. Baada ya hapo alisikia kuvutwavutwa tu, huku akipiga stori na nesi. Daktari alikata kipande cha pembe tatu, kama unavyokata keki, akichukua na ngozi nzima pembeni. Upana wa ukingo huo mara nyingi huwa milimita 4 hadi 6, kulingana na ugonjwa, ili kusibaki mzizi. Kipande kikatiwa kwenye chupa ya fomalini, kikaandikwa jina lake mbele ya macho yetu. Sikio likashonwa. Yote hayakumaliza saa moja.

Ganzi ilipoisha lilianza kupwita, akameza paracetamol. Sikio lilivimba, shavu likawa na wekundu. Siku ya pili kuna michirizi ya damu kwenye bandeji, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni usaha, homa, maumivu yanayoongezeka, au damu isiyokoma ukibana kwa dakika kama 15. Hapo rudi haraka. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Za mgongoni au mguuni hukaa mpaka wiki 2.

Kusubiri ndiko kugumu

Majibu ya maabara yanaweza kuchukua wiki 1 hadi 3. Kusema ukweli, huo ndio wakati ulioitikisa ndoa yetu. Yeye alinyamaza. Mimi nikawa msemaji kupita kiasi. Tuligombana kwa sababu ya chumvi kwenye matoke! Baadaye akakiri kwamba anaogopa kuniacha na madeni. Nami nikakiri kwamba najilaumu kwa miezi mitatu ya majani. Siku tulipoyasema hayo, nyumba ikapumua.

Ujumbe wa daktari uliingia nikiwa kaunta na foleni ya watu mbele yangu: kingo ni safi, hakuna saratani iliyobaki. Nilimwomba mteja samahani nikaenda chooni kumshukuru Mungu.

Haijaisha hapo. Tumepangiwa kurudi kila baada ya miezi 3 kwa kuanzia, maana ngozi iliyotoa saratani moja inaweza kutoa nyingine. Vijidoa vya awali, vile vya magamba, daktari huvigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali kabla havijafika kwenye kisu.

Na wewe mwenye ngozi nyeusi?

Usifunge ukurasa. Saratani ya ngozi kwetu ni nadra zaidi, lakini hujificha ambako hatuangalii: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kovu la zamani la moto au kidonda sugu cha mguu nacho kinaweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi kinahitaji daktari.

Uliza haya kabla hujalipa

- Je, nyama itapelekwa maabara, na bei uliyonitajia inajumuisha kipimo hicho?
- Nitapewa nakala ya majibu mkononi? Itunze kama cheti cha ndoa.
- Kingo zisipokuwa safi, tutafanya nini, na nitalipa tena?
- Bima yangu inalipa kipi na kipi hailipi?
- Ugonjwa ukiwa mkubwa, mtanipeleka wapi? Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Dar es Salaam kuna Ocean Road, na Moshi kuna KCMC yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Huko Moshi ndiko inakotengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino.

Siku hizi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga mlango, nawasha tochi ya simu, namkagua kuanzia utosini mpaka unyayoni, na nyuma ya masikio. Kisha naye ananikagua mimi. Ukaguzi huo haukosi vicheko, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Kapelo bado ipo, imetundikwa nyuma ya mlango. Akitoka sasa anavaa pama pana, amejipaka losheni hata kukiwa na mawingu. Sikio la kulia ni fupi kidogo kuliko la kushoto. Tukitembea mjini mimi hushika upande ule ule wa kulia.