Musikwangue uso wa saa ya nkambo

Mwezi uliopita tulimusindikiza mzee mumoja wa Panda, mustaafu wa kiwanda, mpaka soko ya Kikula kwa kijana fundi wa saa. Mzee alikuwa na saa ya mukono aliyoachiwa na baba yake: nene, ya chuma, na pete inayozunguka juu ya kioo. Namba zake zimegeuka rangi ya tumbako. Mununuzi mumoja toka Lubumbashi alikuwa amemuahidi dola 50.

Fundi akaifungua, akaiangalia, akasema: «Papa, usihangaike. Nitakwangua hii rangi ya zamani na wembe, nipake ingine nyeupe, itakuwa mupya kabisa.» Wembe ulikuwa tayari. Tukamushika mukono.

Tunaeleza sababu hapa, juu saa za namna hii ziko bado katika masanduku ya familia zetu. Mukubwa wa kazi alirudia kwao akaiacha, ao nkambo aliinunua wakati feza ilikuwa na nguvu.

Wazungu wanaiita saa ya kuzamia. Likasi haiko na bahari, lakini mutu wa mine atafahamu haraka. Muzamiaji anabeba hewa ya kuhesabiwa. Mbele ya kuingia katika maji anazungusha ile pete mpaka alama yake inalingana na mushale wa dakika, kisha anasoma dakika ngapi zimepita. Sawa vile sisi chini ya udongo tunahesabu dakika baada ya kulipua, tukingoja moshi utoke. Na kule chini ya maji ni giza. Njo maana namba zinapashwa kung'aa zenyewe.

Panerai wa Firenze, Italia, walitengenezea wazamiaji wa jeshi la bahari saa katika miaka ya 1930, na rangi yao waliiita Radiomir, jina lililotoka kwa radiumu. Kisha 1953 ikaja Fifty Fathoms ya Blancpain, kwa ajili ya waogeleaji wa vita wa Ufaransa, na Submariner ya Rolex karibu wakati uleule. Leo watu wanaokusanya saa za zamani wanalipa maelfu ya dola kwa moja ya hizo. Na zile za kwanza zilipakwa radiumu iliyochanganywa na unga wa zinki. Radiumu inatoa mionzi isiyoonekana, mionzi inapiga ule unga, unga unatoa mwangaza. Usiku kucha, bila kupumzika.

Radiumu ilitoka wapi? Inakaa ndani ya mawe ya uraniumu. Na mawe yenye utajiri kupita yote yalikuwa Shinkolobwe, kilometa karibu 20 toka hapa. Robert Sharp aliyavumbua mwaka 1915, Union Minière ikaanza kuyachimba 1921, yakasafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji. Mwisho wa 1922 radiumu ya kwanza ikatoka kule. Mawe yetu yalikuwa na utajiri hata Waamerika waliokuwa wanatengeneza radiumu wakafunga kazi, na Ubelgiji ikashika karibu soko lote la dunia mpaka Kanada ilipoingia katika miaka ya 1930. Watu wanazungumuza Shinkolobwe juu ya bomu ya Hiroshima. Biashara ya radiumu ilitangulia bomu kwa miaka zaidi ya 20, na hiyo hawaizungumuzi. Hatusemi saa ya mzee wa Panda ina radiumu ya Shinkolobwe. Radiumu haiko na kitambulisho.

Ubaya wake ulijulikana kwa njia ya wafanyakazi. Orange, New Jersey, wasichana walikuwa wanapaka nyuso za saa, na waliambiwa wachonge ncha ya burashi na midomo. Waliambiwa pia haina mateso. Mwili unaichukua radiumu kama chokaa, unaipeleka katika mifupa. Meno yakang'oka, mataya yakaoza. Grace Fryer na wenzake wane walishitaki kompani, na 1928 kila mumoja akapewa dola 10,000, na dola 600 kila mwaka, na malipo ya dawa. Radiumu ya wale ilitoka zaidi katika mawe ya Colorado, tuseme kweli. Lakini majina yao yameandikwa. Ya wale waliochagua mawe kwa mikono Shinkolobwe, sisi wa sendika hatujapata kitabu chenye kuyaandika.

Sasa sikiliza vizuri, hapa njo watu wanadanganyika. Saa ya zamani haing'ai tena, mutu anafikiri sumu imekufa. Hapana. Kilichochoka ni unga wa zinki. Radiumu yenyewe inahitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu. Saa iliyofungwa vizuri inashika vumbi ndani. Hatari kubwa inaanza mutu anapofungua na kukwangua, kisha anapuliza, kisha anakula na mikono ileile. Kuko pia gazi ya radoni. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walipima chumba chenye saa 30 za namna hiyo, wakakuta gazi inapita kipimo mara zaidi ya 100.

Uswisi, ambako wanawake walipaka saa nyumbani mwao, serikali ilianza 2015 kutafuta nyumba zile. Zaidi ya 1,000 zilipimwa, sakafu na bustani. Sisi tunaishi karibu na mugodi wenyewe.

Kitu kingine fundi hakukijua: wanaokusanya saa hizi wanataka uso wa kwanza, na tumbako yake yote. Ukipaka mupya, bei inaanguka. Mafundi wao wanasafisha mashine ndani, wanabadilisha mipira ya kuzuia maji, vipande vya zamani wanaviweka katika kifuko, uso hawaugusi. Kama chini ya namba 6 kuko herufi T karibu na neno SWISS, ile ni tritiumu, iliyochukua nafasi ya radiumu katika miaka ya 1960. Kama T haiko na saa ni ya mbele ya pale, usifungue. Piga foto, uliza bei kwa watu wengi, usiuzishe kwa wa kwanza.

Mzee hakuuzisha. Aliifunga katika kopo ya maziwa, akaitosha katika chumba ambamo wajukuu wanalala.

Fundi alinyamaza muda murefu. Kisha akauliza: «Na zile nimekwangua mwaka huu?» Tukahesabu pamoja naye. Tatu, pengine ine. Tulipanguza meza na kitambaa chenye maji, tukakifunga katika mufuko. Sendika imeandika barua kuomba kipimo cha mionzi kipite pale. Jibu halijafika. Fundi sasa anakulia bukari yake upande mwingine wa barabara.