Kahawa Chungu Katika Mtaa wa Kahawa Sukari

Jina la mtaa huu pekee latosha kumchekesha mzee yeyote wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu pwani kahawa hunywewa chungu. Utamu hukaa kando, katika kashata, tende au kipande cha halua. Lakini ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, yapata kilomita 20, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, utaukuta mtaa uitwao Kahawa Sukari. Na humo wamo watu wa pwani waliopandishwa bara na kazi.

Mmoja wao ni sahibu yangu niliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo. Nilipomtembelea miaka miwili iliyopita nilimkuta si yule nimjuaye. Akitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akirudi baada ya Isha. Barabara ile ilipanuliwa, kazi ikamalizika mwaka 2012, lakini magari nayo yaliongezeka. Akifika nyumbani hana neno na mtu. Mkewe alininong'oneza jambo lililonichoma: watoto wakisikia lango linafunguliwa, wote hunyamaza, kila mmoja akashika kitabu hata kama hasomi.

"Hampigi mtu, shemeji," alisema. "Lakini nyumba haina raha."

Daktari alimpima akakuta presha imepanda. Akampa dawa, na juu ya dawa akamwambia atafute kupumzika. Sahibu yangu akacheka. Kupumzika, alisema, ni kwa mwenye nafasi na fedha.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Twadhani mapumziko ni safari, hoteli na gharama. Wazee wetu hawakwenda popote. Walitoka mlangoni mwao, wakaketi.

Pita katika vichochoro vya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, utaziona baraza za mawe zilizojengwa pamoja na nyumba. Baraza si ndani wala si nje. Mgeni hukirimiwa pale bila kuvunja sitara ya nyumba, na mwenye nyumba huutua pale mzigo wa siku kabla ya kuwakabili wanawe. Nyumba za Kahawa Sukari zina kuta na malango. Mtu hushuka garini akaingia ndani moja kwa moja, na hasira za njiani zikaingia pamoja naye.

Basi sahibu yangu alimwita seremala akamtengenezea benchi la mbao, akaliweka nje ya lango, chini ya mti. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri, hutoka na dele la shaba, kahawa iliyotiwa tangawizi, na finjani chache. Siku ya kwanza jirani alisimama kumwuliza kama amepoteza ufunguo!

Wiki ya tatu jirani yule aliketi. Ni Mkikuyu, mwana wa mkulima wa kahawa wa papo hapo Ruiru, nchi iliyoipa jina mbegu ya Ruiru 11, waliyoanza kupewa wakulima mwaka 1985. Amechuma kahawa tangu utotoni, lakini kwao hunywewa chai. Alionja, akakunja uso, akaomba sukari.

"Si mtaa wenyewe ndio unaoitwa hivyo?" akasema, wakacheka wote wawili.

Baadaye likaja bao la kete. Mashimo 32, kete 64, na kila mtaji wataka hesabu. Hapa pana siri ambayo wazee waliijua bila kusomea: akili inayohesabu kete haina nafasi ya kuhesabu madeni. Mtu huinuka baada ya saa moja, deni liko pale pale, lakini yeye ana nguvu mpya ya kulikabili.

Mkewe naye amerudia kazi ya mkono aliyofunzwa na mama yake, kushona kofia za vito. Tundu moja baada ya jingine, sindano ikienda taratibu, na pumzi nayo hutulia. Jioni, mara kadhaa kwa wiki, hutembea mtaani na binti yake kwa nusu saa. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima watembee kwa haraka kidogo, au wafanye zoezi la kiasi hicho, angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, bila kulipa senti.

Ila kahawa nayo ina saa yake. Masufi wa Yemeni waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na kazi hiyo haijaiacha. Kwa watu wengi, baada ya saa 5 hivi nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Basi anayetaka usingizi wa usiku na ainywe alasiri, si baada ya Isha.

Nilirudi kumtazama Julai hii, baridi ya Ruiru ikiuma. Dawa hajaacha, na foleni za barabarani zingali zile zile. Siku za kazi hukaa bengini dakika kumi, peke yake, bila simu, ndipo agonge lango. Siku ile nilikuwa ndani nikimngoja. Lango lilipogongwa, mtoto wa mwisho alitupa kitabu chini akakimbia kumfungulia.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ewe unayekimbia, huko mjini au huku kwetu ambako baraza zinabomolewa kuwa vibanda vya maduka, tafuta pa kuketi. Sukari ukitaka, tia.