Fahamu Namna Kampuni za Ubashiri Zinavyopanga na Kubadili Odi

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mkulima wa maharage katika Kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, anafahamu kuwa bei anayotajiwa na mnunuzi asubuhi huenda isiwe ile ya jioni. Bei hiyo hufuata wingi wa mzigo, idadi ya wanunuzi na taarifa za masoko mengine. Na ndani yake imo faida ya mnunuzi. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo ya anayebashiri matokeo kwa usahihi, nayo ni bei ya namna hiyo.

Kampuni huanza kwa kukadiria uwezekano wa kila matokeo. Wataalamu wake na programu za kompyuta hupima matokeo yaliyopita, majeruhi, uwanja wa nyumbani na odi zilizotangazwa na kampuni nyingine. Makadirio hayo hugeuzwa kuwa odi, kisha hupunguzwa kidogo ili kampuni ibaki na sehemu yake.

Tuchukue mfano wa Mashujaa FC ya Kigoma ikiikaribisha Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kwa odi za kufikirika: Mashujaa kushinda 4.00, sare 3.20 na Yanga kushinda 2.00. Ukigawa 100 kwa kila odi, utapata asilimia 25, asilimia 31.25 na asilimia 50. Jumla ni asilimia 106.25, wakati uwezekano halisi wa mambo yote hauwezi kuzidi asilimia 100. Ziada ya 6.25 ndiyo pango la kampuni.

Iwapo wateja wataweka shilingi 25,000 kwa Mashujaa, 31,250 kwa sare na 50,000 kwa Yanga, kampuni itakusanya shilingi 106,250. Matokeo yoyote yakitokea, italipa shilingi 100,000 na kubakiwa na 6,250.

Hata hivyo, fedha haziingii kwa mpangilio huo kila mara. Ikiwa dau la upande wa Yanga litafikia shilingi 80,000, kampuni itakuwa imekusanya 136,250, lakini Yanga ikishinda italazimika kulipa 160,000. Ili kupunguza hatari hiyo, huweza kushusha odi ya Yanga hadi 1.80 na kupandisha ya Mashujaa, ili wateja wapya wavutiwe na upande wa pili. Kwa kawaida, aliyekwisha kukubaliwa dau lake hubaki na odi ya awali.

Odi hubadilika pia kutokana na taarifa. Vikosi vinapotangazwa muda mfupi kabla ya mchezo na kipa tegemeo akakosekana, namba hubadilika papo hapo. Dau kubwa la mtu anayejulikana kwa umahiri wa kubashiri nalo huweza kuisogeza odi kuliko madau mengi madogo ya mashabiki. Hivyo, odi inayoshuka si ushahidi kuwa timu hiyo itashinda.

Suala la kuzingatiwa zaidi ni mkeka wenye michezo mingi. Odi zinapozidishwa, malipo yanayoahidiwa hukua, lakini pango la kampuni hukua pamoja nayo. Kwa odi za mfano wetu, katika kila shilingi 100 za dau la mchezo mmoja, wastani wa shilingi 94 hurudi kwa wateja. Kwa mkeka wa michezo mitano ya namna hiyo, hurudi takriban shilingi 74. Kwa michezo 10, takriban shilingi 55. Aidha, mchezo mmoja ukienda kinyume, mkeka wote huchanika.

Vilevile, mwananchi anapaswa kusoma masharti kabla ya kuweka dau. Machi 8, 2025 mchezo wa Ligi Kuu kati ya Yanga na Simba uliahirishwa siku ileile uliopangwa kuchezwa, na ukachezwa Juni 25, 2025, Yanga ikishinda 2-0. Dau la mchezo ulioahirishwa hushughulikiwa kwa masharti ya kampuni husika, ambayo hutofautiana.

Shughuli hizi husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Kampuni inapaswa kuwa na leseni, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Kodi ya zawadi ya ushindi hukatwa kabla ya mshindi kulipwa.

Wananchi wanashauriwa kujumlisha asilimia za odi kama ilivyoelezwa hapo juu kabla ya kutoa fedha. Jumla ikizidi 100, na ndivyo ilivyo kwa kawaida, hesabu za muda mrefu ziko upande wa kampuni. Kwa sababu hiyo, fedha za mbegu, mbolea, ada au matibabu hazipaswi kuwekwa kwenye mkeka kwa matarajio ya kuongezeka.