Je, Wajua? Harufu za Jioni, Kutoka Majoreni Hadi Moroni

Je, wajua kwamba harufu hufika kwenye hisia zako kwa njia ya mkato? Unachokiona na unachokisikia hupita kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Harufu haisubiri hapo. Kutoka puani huenda moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu, na kwa hiyo unaweza kunusa asmini ukamkumbuka nyanya yako kabla hujatambua ni ua gani. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua vipokezi vya harufu. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo.

Je, wajua kwamba rehani iliyopandwa uani na lavenda inayosifiwa ulimwengu mzima zina kitu kimoja kinachofanana? Kinaitwa linaloli. Mwaka 2018 watafiti wa Japani waliwanusisha panya mvuke wa linaloli, na panya wakapunguza wasiwasi. Wale ambao uwezo wao wa kunusa ulikuwa umeharibiwa hawakubadilika hata kidogo. Utulivu ulipitia puani, haukuingilia kwenye mapafu. Kwa wanadamu, tafiti nyingi bado ni ndogo na majibu yake hayalingani, kwa hiyo anayekuuzia kichupa akikuahidi kwamba kitamaliza shinikizo la damu, mrudishie kichupa chake.

Je, wajua kwamba asmini haitaki moto? Karafuu, mchaichai na mkaratusi huvukizwa, mvuke ukapoozwa, mafuta yakajitenga na maji. Asmini ukiifanyia hivyo, harufu yake inaharibika. Mafundi wa manukato wa mji wa Grasse, Ufaransa, walikuwa wakiyatandaza maua juu ya shahamu baridi, maana asmini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, na shahamu hunyonya polepole.

Nyumba za pwani zinajua jambo hilo kwa mkono. Kule Majoreni, kati ya Shimoni na Vanga, nazi haikosekani. Ikunwe kwa mbuzi, tui lichujwe, litiwe kwenye sufuria na kuchemshwa kwa moto wa wastani huku likikorogwa. Maji yanakauka, sauti ya kuchemka inabadilika, na chini yanabaki makapi ya rangi ya kahawia. Juu yake ni uto, safi kama maji. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Uache upoe kabisa kwanza. Matumba ya asmini yachumwe jioni kabla hayajafunguka, yapanguswe unyevu wote, yalowekwe humo usiku kucha, asubuhi yatolewe na mengine yatiwe. Tone la maji likibaki, mafuta yanachacha. Baada ya siku chache una mafuta ya kujipaka shingoni na nyweleni ambayo hayahitaji kuzimuliwa.

Msimu wa kipupwe usishangae uto ukifanya ukungu alfajiri. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa ndugu walioko Nairobi huwa magumu kama samli, wala hayajaharibika.

Je, wajua kwamba mlangilangi unaoonekana Unguja na Pemba ndio uliovipa visiwa vya Komoro sifa ya manukato? Maua yake ya manjano huvukizwa kwa saa nyingi, wakati mwingine karibu siku nzima, na mafuta ya mwanzo hutengwa na ya mwisho kwa sababu daraja na bei hazifanani. Mlangilangi umo ndani ya Chanel Nº 5, manukato yaliyotoka mwaka 1921. Ni harufu nzito. Tone moja kwenye pamba kando ya kitanda linatosha chumba kizima; zaidi ya hapo kichwa kinaanza kuuma.

Je, wajua kwamba tumba kavu la karafuu linaweza kuwa na mafuta asilimia 15 hadi 20? Linganisha na waridi, ambalo hudai petali tani 3 au zaidi kwa kilo moja ya mafuta. Kichupa cha “waridi halisi” kinachouzwa kwa bei ya soda si waridi.

Msandali wa Afrika Mashariki nao una kisa cha kusikitisha. Mafuta yake yamo kwenye mizizi na kiini, kwa hiyo wavunaji huung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Ukiletewa kwa magendo, tafadhali usinunue. Ubani upo, na mwingine unatoka papa hapa nchini, Wajir na Marsabit.

Lakini ubani na udi ni moshi na makaa. Fukiza nguo na chumba dirisha likiwa wazi, kisha kitoe chetezo nje kabla ya kulala. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, na inaua.

Je, wajua kwamba mafuta ya kichupani hayachanganyiki na maji? Ukiyadondosha kwenye beseni la kuogea yanaelea na kukuchoma ngozi. Changanya kwanza na uto: matone 6 kwa kijiko kikubwa kimoja, yasizidi. Jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, subiri hadi kesho yake. Mafuta ya ganda la ndimu yaliyokamuliwa bila moto usiyapake ukaenda juani, yatakuachia madoa na malengelenge. Na paka wa nyumbani apewe nafasi ya kutoka chumbani, kwa sababu ini lake haliwezi kuyavunja mafuta haya kama letu.

Kafuri, mkaratusi na karafuu ndiyo yanayonitia hofu zaidi penye watoto. Kiasi kidogo cha kafuri kikimezwa huleta degedege, na mafuta ya karafuu huumiza ini, kwa hiyo usimpake mtoto anayeota meno. Weka vichupa juu kabatini, penye giza na ubaridi. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali, ukiwa Majoreni hospitali ya rufaa iko Msambweni, na uende na kichupa chenyewe ili daktari aone alichokunywa.