Kasuku Mzee Aliyefiwa: Umpokee au Umwache?

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si ndege wa nyanda zetu za Ufipa. Kwao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na hapa Tanzania hufika pembeni tu, huko Kagera. Ukimkuta kibarazani mwa mtu Sumbawanga, aghalabu amevushwa Ziwa Tanganyika akiwa kinda, au amekuja na mtumishi aliyehamishwa kutoka Kigoma. Akitunzwa vema huweza kufikisha miaka 40, na wengine hufika 60. Mtu aliyempata akiwa na umri wa miaka 40 anaweza kuzikwa na kumwacha ndege angali anakula. Ndipo siku ya kugawa vitu vya marehemu inapofika. Nguo zinagawiwa, viti vinagawiwa, shamba linajulikana la nani, na ndege yuko pale kwenye kitundu, hakuna anayemtaja.

Jambo hili limewafika wenzetu wa mtaani. Mzee mmoja mstaafu alifariki, akamwacha mkewe na kasuku aliyeishi naye tangu miaka ya 1980. Shida ya mama yule haikuwa chakula wala uchafu. Kila alfajiri ndege aliita, "Mama, chai tayari?" kwa sauti ile ile ya marehemu. Halafu alikohoa kikohozi chake. Mjane aliniambia kwamba kila mara moyo wake ulishtuka, na hata hivyo siku ndege aliponyamaza alikwenda kumchungulia kwa hofu. Mwishowe aliamua hawezi tena. Mama mwingine wa kikundi chetu, mwenye miaka 52, akajitolea kumchukua, lakini kwanza akaja kwangu. "Sista, wewe ni muuguzi. Nimchukue nisimchukue?"

Kwa Uingereza na Marekani zipo nyumba maalumu za kulelea kasuku walioachwa, na mtu anayemtaka huhojiwa kwanza. Kwa majirani zetu, kituo cha Lwiro karibu na Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe, kimepokea pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Sisi Sumbawanga hatuna nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo maswali ambayo wenzetu huulizwa na kituo, hatuna budi kujiuliza wenyewe.

La kwanza ni la sheria, nalo wengi hulipita kimya. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori, hata akiwa hai, huhesabiwa kuwa nyara ya serikali, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Kule kusema "tulimkuta kwa marehemu" hakukuokoi. Yafaa uende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya TAWA, ueleze habari yote kabla ndege hajahama hata nyumba moja, nawe uwe tayari kusikia kwamba atachukuliwa na serikali. Nilimwambia dada yule waende wote wawili, yeye na mjane, kwa kuwa anayeijua historia ya ndege ni mjane.

Na fedha isipite mkononi. Mtu akikuuzia kasuku, hata mzee, hata kwa bei ya kuku, pengo lake litajazwa na kinda mwingine kutoka msituni. Tangu miaka ya 1970 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni 1 wamesafirishwa nje ya nchi zao wakiwa hai, na hapo hatuwahesabu waliokufa njiani ndani ya makreti. Ghana, nchi iliyokuwa nao wengi, imepoteza zaidi ya tisa katika kila kumi tangu mwaka 1992. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yalikataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hii. Kumpokea yatima ni jambo moja, kumnunua ni jambo jingine kabisa.

Sasa niseme kama muuguzi. Upo ugonjwa uitwao homa ya kasuku. Husababishwa na kijidudu kinachotoka katika kinyesi na majimaji ya pua ya ndege, kikakauka na kuruka pamoja na vumbi. Mwaka 1929 na 1930 ulienea katika nchi nyingi kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wakafa. Siku hizi unatibika vizuri kwa dawa kama doksisaiklini, ila lazima kwanza ufikiriwe. Mgonjwa huja na homa, kichwa kikali, maungo kuuma na kikohozi kikavu, yaani mambo yale yale ya malaria na ya nimonia nyingine. Kama unafuga ndege, mwambie daktari hata asipouliza. Mama mjamzito asisafishe kitundu kamwe, kwani kwake homa hii huwa kali mno, na doksisaiklini si dawa ya kuandikiwa mjamzito hivi hivi.

Hata kasuku asiye na ugonjwa ana unga. Manyoya yake hutoa vumbi jeupe kama poda, na ukipitisha kidole juu ya kabati utaliona. Kwa mtu mwenye pumu vumbi hilo ni adui. Nilimwuliza dada yule nani analala chumba kilicho karibu na kibaraza. Akanyamaza kidogo, akasema ni mjukuu wake, naye hubanwa kifua kila ifikapo Juni. Hapo nilimwambia waziwazi kwamba kama hana mahali pengine pa kumweka ndege, jibu ni hapana, wala asione haya kulisema.

Je, kile kikohozi cha ndege? Mjane aliogopa kwamba mumewe alimwambukiza. Kasuku huiga kikohozi kama anavyoiga mlango unaolia, hivyo kikohozi peke yake si dalili. Mtazame akiwa hajui unamtazama. Akijikunyata huku manyoya yamevimba, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, au pua ikitoa majimaji, huyo ni mgonjwa. Muite daktari wa mifugo. Najua wengi wao huku wamezoea ng'ombe na kuku, lakini anaweza kuwauliza wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Umri wake usiusumbukie sana. Jicho la kinda ni jeusi, kisha huwa la manjano hafifu kabla hajafika utu uzima, na baada ya hapo hakuna awezaye kukuambia kwa kutazama kama ana miaka 15 au 40. Tazama miguu: kama ananing'iniza mmoja au anashika kijiti kwa shida, ana baridi yabisi kama bibi zetu, naye anahitaji vijiti vya unene mbalimbali. Kama kifua kiko wazi kwa kujinyonyoa, usijivune kwamba kwako manyoya yatarudi. Wengine hayarudi.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila Rukwa tunakosea kwa sababu alizeti ipo tele. Ndege anayekula alizeti tupu hunenepa huku akikosa vitamini A na chokaa, na kasuku wa kijivu akikosa chokaa hupata degedege. Mpe boga, karoti, mchicha, papai, maharage yaliyoiva, mahindi mabichi, na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Mtoe apate jua la asubuhi. Parachichi usimpe hata kipande, ni sumu kwake. Chumvi, pombe, kahawa na chokoleti pia hapana.

Tena kuna baridi yetu. Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai unajulikana. Watu huingiza jiko la mkaa ndani. Wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege mashimoni hadi mwaka 1986, kwa sababu ndege huanguka kwa hewa ya sumu kabla ya mtu. Jiko linalomwua kasuku usiku lilikuwa linawatafuta na watoto. Mfunike kitundu kwa blanketi upande wa upepo, na jiko libaki nje.

Lililobaki ni la miaka. Kasuku mmoja aitwaye Alex, aliyenunuliwa Chicago mwaka 1977, alifundishwa na mtaalamu Irene Pepperberg hadi alipokufa mwaka 2007, akaweza kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo. Ndege mwenye akili hiyo anajua kwamba aliyempa chai hayupo. Ukimchukua, atakukataa kwa wiki, huenda miezi, atauma, atapiga kelele. Usimlazimishe kupanda mkononi. Kaa karibu naye ushone au uchambue mchele, umwache akuzoee.

Na ukiwa na miaka 52, sema leo ni nani atamchukua baada yako. Dada yule alidhani ni binti yake aliyeko Mbeya. Nilimwambia asidhani, ampigie simu. Binti akacheka, kisha akasema kwamba nyumba yake ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki hata paka. Basi wakamgeukia kijana wa mwisho, fundi seremala, ambaye kwanza alitaka kumsikia ndege huyo akikohoa.

Ombi limepelekwa kwa afisa wanyamapori, na jibu halijatoka. Kijana amekwisha kupima ukuta wa banda la nyuma, mbali na chumba cha mjukuu, na ndege bado yuko kwa mjane, ambako dada huenda kila jioni na boga lililochemshwa. Juzi alilipokea mkononi mwake, akalitupa chini.