Bajeti ikipunguzwa, ugonjwa haupungui

Msomaji, huenda unaye ndugu au rafiki anayewatunza wazee katika makao yao huko Marekani, kwani Wakenya wengi waliohamia huko walianzia katika kazi hiyo. Je, wajua ni nani huwalipia wazee wale anaowaogesha na kuwalisha? Zaidi ya nusu yao hulipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wasio na uwezo. Ndiyo bima hiyo hiyo ambayo wagombeaji wahafidhina wa chama cha Republican wamekuwa wakitaka kuipunguzia fedha kwa miaka mingi. Mnamo Julai 4, 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria iliyotimiza sehemu kubwa ya nia hiyo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba kutokana na sheria hiyo watu wasio na bima wataongezeka kwa milioni 10 ifikapo mwaka 2034.

Siasa za Marekani ni za Wamarekani. Lakini wagombeaji hao huitetea nia yao kwa madai yanayohusu ugonjwa na tiba, na hapo daktari ana ruhusa ya kusema neno hata akiwa Kenya.

Kwanza tusichanganye majina. Medicare na Medicaid zilianzishwa na sheria moja ya mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson. Medicare ni ya waliotimiza umri wa miaka 65 na baadhi ya walemavu. Medicaid ni ya maskini, na gharama zake hugawanywa baina ya serikali kuu na majimbo. Mwaka 2010 sheria ya Rais Barack Obama iliipanua Medicaid iwafikie watu wazima wenye mapato madogo, hata wasio na watoto. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lina hiari, na majimbo kama Texas na Florida yakakataa. Mwaka 2017 wabunge wa Republican walijaribu kuifuta sheria ya Obama, wakakwama katika Seneti. Katika mdahalo wa Septemba 2024 Bw. Trump aliulizwa ana mpango gani badala yake, akajibu kwamba ana dhana za mpango. Mimi nikimjibu mgonjwa hivyo, ataenda kwa daktari mwingine.

Hata hivyo tuwatendee haki. Marekani hutumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa afya, kiasi ambacho hakuna nchi nyingine tajiri inayokifikia, na deni la serikali yake si hadithi. Anayesema kwamba fedha hizo hazitumiwi vizuri hasemi uongo. Swali ni nani anayepunguziwa, na anapunguziwa vipi.

Dai linalopendwa zaidi ni kwamba wanaoondolewa ni wavivu. Sheria ya 2025 inawataka wengi wa watu wazima walioingia Medicaid kwa ule upanuzi wathibitishe kwamba wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea kwa saa 80 kila mwezi, kuanzia mwaka 2027. Jambo hili lilishajaribiwa. Jimbo la Arkansas lilianza mwezi Juni 2018, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Mwanzoni iliwapasa kutoa taarifa zao kwa intaneti, na mtandao wenyewe ulifungwa kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, saa ambazo mtu wa vibarua ndipo anapata nafasi! Watafiti walipochunguza waligundua kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa tayari walikuwa wakitimiza masharti au walistahili kusamehewa. Idadi ya wenye kazi haikuongezeka. Mwezi Machi 2019 jaji aliusimamisha mpango huo. Kwa hiyo walioanguka wengi wao waliangushwa na fomu.

Dai la pili ni kwamba hakuna anayeachwa afe, kwa sababu hospitali ina wajibu wa kumpokea mgonjwa wa dharura. Ni kweli. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Ronald Reagan, mhafidhina, mwaka 1986. Lakini sheria inadai mgonjwa apimwe na atulizwe tu. Hailazimishi hospitali kumpa vidonge vya shinikizo la damu mwezi baada ya mwezi, na wala haimwondolei bili.

Hapa naomba tusimame kidogo. Shinikizo la damu haliumi. Kisukari katika miaka yake ya mwanzo aghalabu hakiumi. Mtu akipoteza bima leo, kesho haanguki. Huanza kwa kuruka kipimo, kisha humeza kidonge siku moja na kuacha siku mbili, au hugawa insulini iliyompasa kudumu mwezi mmoja idumu miezi miwili. Wakati huo wote mishipa midogo ya figo na ya macho inaharibika kimya kimya. Miaka ikipita figo hufa. Na tazama ajabu ya Marekani: tangu sheria ya mwaka 1972, iliyotiwa sahihi na Richard Nixon, karibu kila mtu ambaye figo zake zimekufa hulipiwa na Medicare usafishaji wa damu kwa mashine, hata akiwa kijana. Yaani serikali iliyokataa kulipia vidonge vya bei nafuu hulipia mashine maisha yake yote. Mwanasiasa aliyepunguza bajeti huwa ameshastaafu wakati huo.

Dai la tatu ni zito zaidi, na wapinzani wao hawapendi kulitaja. Jimbo la Oregon lilitoa nafasi za Medicaid kwa bahati nasibu mwaka 2008, na utafiti ukaonyesha kwamba baada ya miaka kama miwili shinikizo la damu halikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Wahafidhina huutumia kusema kwamba bima haiponyi. Lakini utafiti uo huo ulionyesha kwamba wagonjwa wengi zaidi wa kisukari walitambuliwa, sonona ilipungua na gharama kubwa mno za matibabu za kutoka mfukoni karibu ziliisha. Miaka miwili ni michache kwa magonjwa haya.

Sisi wenyewe tuliyaona. Mwezi Desemba 1989, serikali ikibanwa na wakopeshaji, ilianza kuwatoza wagonjwa ada hospitalini. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi idadi ya wanaume waliofika ilishuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Kisonono na kaswende havikuwa vimepungua mjini, na UKIMWI ulikuwa unaenea. Ada ilipoondolewa mwaka 1990 wanawake walirudi kwa wingi, lakini wengi wa wanaume hawakurudi.

Ikiwa ndugu yako huko ana Medicaid, mwambie asiache barua yoyote ya jimbo bila kuifungua, aweke hati za mishahara yake, na awajulishe mara moja akihama nyumba. Akiwa na ugonjwa wa kudumu amwombe daktari wake amwandikie cheti, kwani wagonjwa wa aina hiyo wanaweza kusamehewa sharti la kazi. Mwenye kibali cha ukaazi kwa kawaida hungoja miaka 5 kabla ya kustahili bima hiyo. Akikosa bima kabisa, asiache dawa: atafute kituo cha afya cha jamii kinachosaidiwa na serikali kuu, ambacho hutoza kwa kadiri ya mapato ya mgonjwa.