Mario mpya azungumza, ila si kwa Kiswahili

Mchezo wa video wa Super Mario Bros. Wonder, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani Oktoba 20, 2023, unaendeleza mfululizo ulioanza mwaka 1985. Kanuni ni ileile: kimbia, ruka, epuka shimo. Anayeanguka hurudi nyuma na kujaribu tena. Hivyo mchezo hujifunzwa kwa macho na vidole, bila maandishi.

Jipya ni maua yanayomsemesha mchezaji njiani. Anaweza kuyachagulia lugha au kuyanyamazisha. Kiswahili hakimo, ijapokuwa baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi Julai 2022. Kwa msemaji wa Kiswahili wa Jinja au Mbale, kuucheza si tatizo; ila husalia kuchagua lugha ya wengine, au kimya.